Barua ya wazi kwa Jiji la Tanga: mtoto mgeni huanza kusoma mtaani

Mstahiki Meya, Waheshimiwa Madiwani, Ndugu Mkurugenzi wa Jiji na Ndugu Afisa Elimu Msingi,

Maombi ya madawati, vyumba vya madarasa na walimu huwafikia yakiwa yamepangwa shule kwa shule. Tunaoandika barua hii ni walimu wa shule za msingi, wajumbe wa kamati za shule na wenyeviti wa mitaa. Tunaomba kundi moja la wanafunzi mlitazame kwa mpangilio mwingine, mtaa kwa mtaa. Ni watoto wa wahamiaji: wa wakata mkonge waliotoka Kigoma, Burundi na Msumbiji, wa wavuvi wa dago, yaani kambi za muda za uvuvi, wanaokuja kutoka Pemba na Vanga, Kenya, wa wafanyabiashara walioingilia Horohoro, mpakani na Kenya, na wa mafundi waliofuata kazi Chongoleani, linakoishia bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda.

Watoto hawa wanaposhindwa, vikaoni hutolewa sababu mbili: ama wazazi hawajali, ama shule ni mbovu. Sisi tunaona ya tatu yenye uzito kuliko hizo, nayo ni nyumba aliyofikia mtoto. Nani anaishi chumba cha pili? Nani anaketi barazani jioni? Katika hao, yupo aliyemaliza shule na anayeijua lugha ya mama wa mtoto yule? Kila aina ya mtaa hapa Tanga inambeba mtoto mgeni kwa namna yake na kumwangusha kwa namna yake, na dawa moja kwa wote imekuwa ikipotea bure.

Chukueni nyumba ya Kiswahili ya Ngamiani au Makorora. Ukumbi katikati, vyumba huku na huku, uwani jiko na choo cha pamoja, mbele baraza. Familia ngeni ikipanga chumba kimoja, mtoto wao anapakana ukuta kwa ukuta na watoto wasiojua neno hata moja la lugha yake. Akitaka kuingia mchezoni, ataomba kwa Kiswahili. Akitumwa dukani, atahesabu chenji kwa Kiswahili. Wenzake wakienda chuoni kusoma Kurani, naye kama ni Muislamu atafuatana nao. Baada ya miezi michache anacheka na kugombana kama mwenyeji, na hakuna mwalimu aliyemlipia jasho. Kazi hiyo imefanywa na nyumba.

Hapo ndipo mtego ulipo. Mwalimu akimsikia anavyosema vizuri, anamwona hana tatizo tena. Jim Cummins, mtafiti wa Canada, alionyesha zamani kwamba lugha ya mazungumzo mtoto mhamiaji huipata katika takriban miaka 2, lakini lugha ya masomo humchukua miaka 5 hadi 7. Alikuwa akizungumzia Kiingereza, na mtoto anayesema Kiha au Kirundi yuko karibu na Kiswahili kuliko hivyo, ila tofauti ya lugha hizo mbili tunaiona hapahapa. Barazani hakuna anayesema "usanisinuru" wala "kigawe kidogo cha shirika". Mtoto anafika Darasa la Nne akiwa hodari wa maneno, anaanguka Sayansi, na kila mtu anashangaa.

Nyumba hiyohiyo inamnyima pia mahali pa kuandikia. LUKU, mita ya umeme wa kulipia kabla, ni moja kwa wapangaji wote, kwa hiyo taa huzimwa mapema ili uniti zisiishe. Chumbani wanalala wazazi na watoto pamoja, uwani kuna majiko na maji yanamwagika. Daftari la kazi ya nyumbani linarudi tupu, na pembeni linaandikwa "mvivu". Kwa mitaa ya namna hii hatuombi jengo. Tunaomba darasa moja katika kila shule libaki wazi kuanzia saa 10 hadi saa 12 jioni, Jumatatu hadi Alhamisi, chini ya mwangalizi mmoja. Saa hizo jua halijazama, kwa hiyo hata umeme hauhitajiki. Kinachohitajika ni ufunguo, posho ndogo ya mwangalizi, na nakala mbili za kila kitabu cha kiada zisizotoka nje ya chumba hicho.

Kambi ya mkonge ni kinyume cha haya yote. Mkonge wenyewe ulikuja kama mhamiaji: mwaka 1893 Richard Hindorf aliagiza miche kutoka Florida, na iliyofika hai Tanga ilikuwa 62 tu. Mashamba yalipokua yalitaka watu wengi kuliko waliokuwapo, na watu wakaletwa kutoka mbali kwa mkataba, kila mmoja na namba yake. Ndiyo asili ya jina manamba. Kambi zao zilijengwa karibu na korona, yaani mitambo ya kuchakata mkonge, na njia za kusombea majani, maana kilichopimwa ilikuwa safari ya mkonge, na safari ya mtoto kwenda shule haikuwamo katika hesabu. Ramani hiyo tunaishi nayo hadi leo.

Huko nafasi ipo na utulivu upo. Asiyekuwapo ni wa kuulizwa. Watoto wanacheza kwa lugha za makwao, na Kiswahili wanachokisikia ni cha kazi: majani, mizigo, katani, mshahara. Wakataji huondoka alfajiri ili wamalize kipande chao kabla ya jua kali, kwa hiyo saa 12 asubuhi nyumba haina mkubwa wa kumwamsha mtoto, kumpa uji na kuhakikisha ametoka. Shule ikiwa umbali wa kilomita 5, mtoto wa miaka 7 hutembea zaidi ya saa moja na nusu. Wakati wa masika barabara ya trekta inakuwa tope, na anayefika saa 3 hupewa adhabu ya kuchelewa. Baada ya wiki mbili za adhabu haji tena. Kwenye mahudhurio anaandikwa mtoro, ingawa alikuwa akitembea kilomita 10 kwa siku.

Jambo linalotuuma zaidi ni kwamba shambani watu waliosoma wapo. Karani wa mizani yupo, mhudumu wa zahanati yupo, fundi wa korona yupo, na baadhi yao ni watoto wa manamba walewale ambao bado wanaisema lugha ya wazee wao. Ila nyumba zao ziko upande mwingine, na mtoto wa kambini anaweza kukua bila kujua kwamba mtu wa kwao aliwahi kumaliza sekondari. Mameneja wa mashamba, tunawaomba ninyi pia: watu hao wapeni ruhusa ya saa 4 kwa wiki, zihesabiwe kama saa za kazi, wakae na watoto wa kambini. Kwa wiki 12 ni saa 48. Zikitumika vizuri, mtoto wa Darasa la Kwanza au la Pili anapata msingi wa KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu), na shamba halikosi hata mzigo mmoja wa katani.

Hatusemi haya kwa hisia tu. Kuanzia mwaka 1985 Sweden iliwapangia wakimbizi mahali pa kukaa ili wasijazane katika miji mikubwa, na utaratibu huo ulidumu hadi 1994. Kwa sababu familia hazikuchagua mtaa zenyewe, watafiti walipata kipimo cha haki, maana penye uhuru wa kuchagua huwezi kujua kama mtoto amefaulu kwa sababu ya mtaa au kwa sababu ya wazazi waliojua kuuchagua. Olof Åslund, Per-Anders Edin, Peter Fredriksson na Hans Grönqvist walichapisha matokeo mwaka 2011. Waliona kwamba mtoto mhamiaji alifanya vizuri zaidi shuleni kadiri mtaa aliopangiwa ulivyokuwa na watu wazima wengi wa asili yake wenye elimu ya juu. Sehemu ya watu hao mtaani ikizidi kwa kiasi cha kawaida cha tofauti kati ya mitaa, mtoto alipanda kwa ngazi 0.8, wanafunzi wote wakipangwa kwa ufaulu katika ngazi 100. Si ngazi nyingi, na hatutaki kuzikuza. Lakini zilipatikana bila kubadilisha shule, mwalimu wala mzazi, na kwa makundi yenye shida zaidi athari ilionekana hata katika kiwango cha elimu walichofikia baadaye.

Someni vizuri hapo, maana wengine watasema kumbe dawa ni kuwatawanya, wengine watasema ni kuwaweka pamoja. Matokeo yale hayasemi hivyo. Kuwa karibu na watu wa kwenu hakutoshi. Uzito uko kwa wale wa kwenu waliosoma. Kambi yenye Waha mia mbili ambao hakuna aliyevuka Darasa la Nne haimpi mtoto wa Kiha msaada sawa na nyumba moja yenye mwalimu Muha.

Marekani nako yapo ya kujifunza. Kuanzia 1994 familia maskini katika miji ya Baltimore, Boston, Chicago, Los Angeles na New York zilishindanishwa kwa bahati nasibu kupata vocha za kuhamia mitaa isiyo na umaskini mkubwa. Hazikuwa familia za wahamiaji hasa, lakini suala la mtaa ni lilelile. Kwa miaka mingi alama za watoto wao darasani hazikuonyesha badiliko la maana, na sababu mojawapo ni kwamba wengi waliishia katika shule zisizopishana sana na zile za mwanzo. Kisha mwaka 2016 Raj Chetty, Nathaniel Hendren na Lawrence Katz wakafuatilia walivyoendelea ukubwani: waliohama kabla ya kutimiza miaka 13 walikuwa na kipato kilichozidi cha wenzao kwa takriban asilimia 31, na waliohama wakubwa zaidi hawakunufaika. Umri una uzito. Fedha ya kuwasaidia watoto hawa ikiwa ndogo, ianzie Darasa la Awali hadi la Pili, isisubiri mwaka wa mtihani wa mwisho wa shule ya msingi.

Na umaskini wa mtaa peke yake si hukumu. Min Zhou na Carl Bankston waliwachunguza Wavietnam wa Versailles, mashariki mwa New Orleans. Ulikuwa mtaa maskini, lakini watoto wengi walifanya vizuri, kwa kuwa watu wazima walijuana, kanisa lilikuwa na masomo ya jioni, na mtoto akionekana mtaani saa za shule habari ilifika kwao kabla yake. Wazee wa Tanga hawahitaji kuelezwa jambo hilo. Zamani mtoto wa Ngamiani alikuwa wa barabara nzima, kuanzia ya kwanza hadi ya ishirini na moja.

Mfano wa karibu zaidi uko Chogo, wilayani Handeni. Wazigua waliotoka Somalia ni wajukuu wa watu waliochukuliwa utumwani kutoka nchi hii katika karne ya 19. Vita vya Somalia vilipowatoa, walirudi na Kizigua chao mdomoni, wakapokewa na hatimaye wengi wao wakapewa uraia. Watoto hawakujua Kiswahili, lakini majirani walielewa wanachosema. Lugha ya jirani ikawa daraja la kuingilia shuleni. Kwa Mrundi aliyefika Pongwe daraja la namna hiyo halipo mpaka tulijenge.

Tukirudi shuleni, kosa kubwa hufanyika siku ya kwanza. Mtoto wa miaka 11 anafika, hajui Kiswahili, anapewa kifungu asome, anashindwa, anawekwa Darasa la Pili. Anakaa na watoto wa miaka 7, magoti hayaingii chini ya dawati. Mwaka haumaliziki. Au anapelekwa MEMKWA, mpango uliotengenezwa kwa watoto waliokosa shule, wakati yeye hakuikosa hata siku moja, alisoma kwa lugha nyingine. Mtoto kutoka Kenya anaweza kutafuta KDS (kigawe kidogo cha shirika) na KKS (kigawo kikubwa cha shirika) haraka kuliko darasa zima, ila hesabu hizo alijifunza kwa Kiingereza na maneno ya Kiswahili hajawahi kuyaona. Mtoto wa Burundi akiandika "rara" badala ya "lala" anasahihishwa kwa kalamu nyekundu kama asiyejua kuandika. Kwao kulala usiku ni "kurara", na sauti yetu ya "ch" wao huiandika "c" peke yake. Huyo anajua kusoma na kuandika. Kilichobaki ni kumwonyesha tofauti hizo chache.

Kwa hiyo tunapendekeza upimaji wa siku tatu, uwe mmoja kwa shule zote za jiji. Siku ya kwanza hesabu 20 za tarakimu tupu bila maneno, kuanzia kujumlisha hadi sehemu. Siku ya pili asome na kuandika kwa lugha aliyosomea, akiwapo mtu wa mtaani anayeijua. Siku ya tatu asikilize Kiswahili na kufuata maagizo mepesi. Darasa lichaguliwe kwa matokeo ya siku mbili za kwanza pamoja na umri wake, na Kiswahili kisitumike kumshusha zaidi ya darasa moja. Baada ya wiki 6 apimwe tena. Mwalimu mwenye wanafunzi wengi kuliko wale 45 wa kiwango hawezi kufanya haya peke yake, na hapo ndipo orodha ya wakazi waliosoma inapohitajika.

Orodha hiyo haipo. Daftari la wakazi kwa mwenyekiti wa mtaa lina majina, na wakati mwingine kazi za watu. Tunaomba safu tatu ziongezwe: lugha anazosema, darasa aliloishia, na kama yuko tayari kusaidia. Mtaa mmoja unaweza kukamilika ndani ya wiki mbili kwa kupitia mabalozi. Orodha ya watoto iwe tofauti, ikae kwa Mwalimu Mkuu na Afisa Elimu Kata, na itumike kwa kazi ya shule tu. Familia zikiamini kwamba karatasi hiyo itafika kwa Uhamiaji, zitawaficha watoto, na sheria haitaki wafichwe. Kifungu cha 5 cha Sheria ya Mtoto ya 2009 kinakataza kumbagua mtoto kwa lugha, asili au ukimbizi, na kifungu cha 31 cha Sheria ya Wakimbizi ya 1998 kinampa mtoto mkimbizi haki ya elimu ya msingi. Hata Marekani, mwaka 1982, Mahakama ya Juu iliamua kwamba Texas haiwezi kuwanyima shule watoto wa wazazi wasio na kibali.

Kisha namba ya PReM, inayomtambulisha mwanafunzi katika mfumo wa kumbukumbu za shule za msingi. Familia ikiondoka Kigoma bila kuaga, namba ya mtoto inabaki kwenye shule ya zamani na yeye yuko Pongwe. Mwalimu Mkuu wa huku hawezi kumhamisha mpaka wa kule aidhinishe, na simu hazipokelewi. Aliyetoka nje ya nchi hana namba kabisa. Tatizo hujulikana wakati wa kusajili watahiniwa wa Darasa la Nne au la Saba, wakati ambao hakuna muda tena. Ofisi ya Afisa Elimu Msingi imteue mtu mmoja ashughulikie kesi hizi tu, kila Ijumaa, na kila kesi ipewe siku 21. Fedha pia zifuate: ruzuku ya uendeshaji, shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka, huhesabiwa kwa waliosajiliwa, hivyo shule inayopokea watoto katikati ya mwaka inawalisha chaki na karatasi kwa fedha za wengine. Tunaomba hesabu irudiwe mwezi Julai.

Kuhusu dago, jambo ni fupi. Kaskazi ikiisha na kusi ikianza mwezi wa Aprili, wavuvi huhama, na muhula wa kwanza haujaisha. Mtoto asifutwe. Apewe kadi ya ukurasa mmoja yenye namba yake, darasa, mada alizofika katika kila somo na muhuri wa shule, aende nayo Kigombe au popote baba yake atakapotia nanga.

Pongwe, Mabokweni na Chongoleani, viwanja vinapouzwa haraka kuliko shule zinavyojengwa, mpaka wa shule uchorwe upya kila mwaka kwa umbali wa kutembea. Mipaka ya kata isiwe kipimo pekee. Na kambi iliyo zaidi ya kilomita 3 kutoka shuleni ipate darasa la awali palepale, hata kama ni chini ya banda la shamba, na mwalimu atoke miongoni mwa wakazi waliosoma.

Uandikishaji wa Darasa la Awali na la Kwanza kwa mwaka ujao huanza Oktoba. Ili daftari zifanye kazi, safu tatu zile zinapaswa kuwa zimejazwa kufikia mwisho wa Agosti, na fomu ya upimaji iwe imechapwa kufikia katikati ya Septemba. Rasimu ya fomu hiyo, kurasa nne, tumeshaiandika. Tuiteni siku yoyote ya kazi baada ya saa 8 mchana, vipindi vikiisha, tuje nayo.

Wenu katika kazi,

Walimu wa shule za msingi, wajumbe wa kamati za shule na wenyeviti wa mitaa,
Tanga